Kurithi mkataba na kuridhia mkataba

Jirani yangu hapa Kizota, Dodoma, ni mzee aliyefanya kazi relini mpaka akastaafu. Jioni moja alisikia kwenye redio kwamba Bunge limeridhia mkataba wa kimataifa, akaniita kwenye uzio. "Mwalimu, hawa wamerithi kutoka kwa nani?" Nikamwambia, "Hapana mzee wangu, wameridhia." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza tofauti yake ni nini. Swali lake lilikuwa zuri kuliko alivyodhani. Maneno hayo mawili yanakaribiana mdomoni, lakini katika sheria ya kimataifa yanasimama pande mbili: moja linahusu deni ulilolikuta, jingine deni ulilolikubali mwenyewe.

Kuridhia ni rahisi kueleza. Serikali inajadiliana na wenzake, inatia saini, kisha mkataba unaletwa nyumbani ukubaliwe rasmi. Kwa Tanzania kazi hiyo ni ya Bunge, kwa ibara ya 63 ya Katiba, pale mkataba wenyewe unapotaka uridhiwe. Saini peke yake, kwa mikataba ya namna hiyo, ni kama kupeleka posa: nia imeonekana, ndoa bado.

Kurithi ndiko kwenye ugumu. Hapa Dodoma, kabla watu hawajatawanyika kutoka makaburini, msemaji wa familia husimama na kutangaza: kama kuna aliyekuwa akimdai marehemu, au aliyekuwa akidaiwa naye, aje aonane na wanafamilia. Kila mtu anaelewa maana yake. Mtu amekufa, lakini madeni hayakuzikwa naye. Sasa chukua swali hilohilo ulipeleke kwa nchi. Mtawala anapoondoka na dola mpya inazaliwa, je, mikataba aliyoisaini yule mtawala inamfunga mtoto? Wanasheria huita jambo hilo urithi wa dola katika mikataba.

Tanganyika ilipokaribia uhuru, njia iliyokuwa imezoeleka kwa makoloni ya Uingereza ilikuwa kusaini makubaliano na Uingereza kwamba nchi mpya inapokea haki na wajibu wote wa mikataba ya mkoloni. Nigeria ilifanya hivyo mwaka 1960. Julius Nyerere, wakati huo Waziri Mkuu, alikataa. Hoja yake ilikuwa nzito. Ukisaini karatasi ya jumla, unajifunga kwa mikataba ambayo pengine hujaisoma hata mmoja. Na ukiitupa yote siku moja, unaamka asubuhi huna makubaliano ya posta, ya ndege wala ya kurudisha wahalifu.

Akachagua njia ya kati. Tarehe 9 Desemba 1961, siku ya uhuru, Tanganyika ilimwandikia Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Mikataba ya nchi mbili ingeendelea kutumika kwa miaka 2, kwa sharti kwamba upande wa pili nao unaitekeleza. Ndani ya muda huo kila mkataba ungepitiwa na kujadiliwa. Miaka 2 ikiisha, ule ambao haujakubaliwa upya unakufa, isipokuwa ule ambao sheria ya kimila ya mataifa, yaani desturi zinazozifunga nchi hata bila saini, yenyewe inaubakiza hai. Mikataba ya nchi nyingi ingetazamwa mmoja mmoja. Leo vitabu vya sheria vinaiita Kanuni ya Nyerere, na Uganda na Kenya ni miongoni mwa nchi zilizofuata mkondo huo.

Mimi naiona kuwa moja ya kazi bora za kisheria zilizowahi kutoka Afrika, na inanisikitisha kwamba wanafunzi wengi wa sheria humaliza chuo wakiijua kwa sentensi moja tu. Ni tangazo lile la makaburini, likapewa muda: anayedai aje na hati yake, tuisome pamoja, tukubaliane.

Mzee wangu wa reli alivutiwa zaidi na mfano wa Belbase. Mwaka 1921 Uingereza iliipa Ubelgiji maeneo ya bandari Dar es Salaam na Kigoma, ndiyo yaliyoitwa Belbase, ili mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi ipite bila ushuru. Mizigo hiyo ilipita kwenye reli ya kati, yaani hapahapa Dodoma, mbele ya stesheni. Kodi ya pango ilikuwa faranga 1 kwa mwaka. Muda wa pango: milele. Tanganyika ilisema haiwezi kufungwa na pango hilo. Uingereza haikuwa mwenye nchi. Ilikuwa imekabidhiwa tu kuisimamia, kwanza chini ya Shirikisho la Mataifa, kisha chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Mlezi wa yatima anaweza kukodisha shamba la mtoto ili lisikae bure. Hawezi kulitoa milele, kwa sababu ulezi wenyewe si wa milele. Mzee aliposikia hivyo alipiga goti lake kwa kiganja, akasema hata baraza la ukoo lingeamua hivyo.

Lakini kuna kitu ambacho mrithi hawezi kukikataa, nacho ni mpaka. Unaweza kubishana juu ya deni la baba. Huwezi kung'oa minyaa aliyoipanda na jirani kuonyesha shamba linaishia wapi. Julai 1964, mjini Cairo, wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika waliazimia kuheshimu mipaka iliyokuwapo siku ya uhuru. Nyerere alikuwa mbele katika kulitetea azimio hilo. Somalia na Moroko hazikulikubali, kila moja kwa sababu zake. Nchi za Amerika ya Kusini zilikuwa zimepita njia hiyo karne moja na nusu kabla, zilipotoka mikononi mwa Hispania, na kanuni yenyewe bado inaitwa kwa Kilatini: uti possidetis, yaani kila mmoja abaki na alichokuwa akikimiliki.

Kanuni hiyo ndiyo inayotubana sisi wenyewe kwenye Ziwa Nyasa. Malawi inashika mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa 1890, unaopitisha mpaka kwenye ufuko wa upande wetu. Tanzania inashika msimamo kwamba mpaka unapita katikati ya maji. Sisemi hoja yetu ni dhaifu, maana watu wa Mbamba Bay na Kyela wameishi na ziwa hilo vizazi na vizazi. Nasema tu kwamba anayeeleza dhana hii kwa ukweli hawezi kuruka mahali inapomuuma mwenyewe.

Zanzibar na Tanganyika zilipoungana tarehe 26 Aprili 1964 swali lilirudi kwa sura nyingine, na jibu likawa fupi: mikataba ya kila upande iliendelea kutumika ndani ya eneo lake la awali, ilimradi haipingani na Hati za Muungano.

Mwaka 1978 dunia iliandika mkataba wa Vienna kuhusu jambo hili. Kwa nchi zilizotoka kwenye ukoloni ulisema wazi kwamba hazilazimiki kubaki na mikataba ya mkoloni. Mipaka, na makubaliano yanayoshikamana na ardhi yenyewe, vikawekwa kando: hivyo havifutwi na mabadiliko ya utawala. Mkataba huo ulianza kufanya kazi mwaka 1996, na nchi zilizojiunga nao ni chache. Mwaka uliofuata Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa hukumu juu ya mabwawa ya mto Danube. Hungaria na Chekoslovakia zilikuwa zimekubaliana kuyajenga mwaka 1977; Chekoslovakia ikagawanyika mwaka 1993. Mahakama ikasema mkataba ule umeshikamana na eneo, kwa hiyo Slovakia, mtoto aliyezaliwa, amefungwa nao.

Ukiwa Budapest au Bratislava hukumu hiyo ni habari ya mabwawa mawili. Ukiisoma ukiwa Dodoma, unafikiria Nile mara moja.

Mwaka 1929 Uingereza ilibadilishana barua na Misri kuhusu mto huo. Kwenye nchi zilizokuwa chini ya Waingereza, kazi yoyote ya umwagiliaji au umeme kwenye Nile, matawi yake, au maziwa yanayoulisha, isingefanyika bila ridhaa ya Misri ikiwa ingepunguza maji, kuyachelewesha, au kushusha kina chake kwa kuiumiza Misri. Ziwa Victoria limo. Hakuna Msukuma wala Mhaya aliyeulizwa. Mwaka 1959 Misri na Sudan zikagawana: Misri mita za ujazo bilioni 55.5 kwa mwaka, Sudan bilioni 18.5. Nchi za juu ya mto hazikutengewa hata tone.

Tarehe 4 Julai 1962 Tanganyika iliziandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba barua za 1929 haziifungi. Misri ilijibu kwamba zinaendelea mpaka yapatikane makubaliano mapya. Hapo ndipo hoja ya Danube inapoweza kutumika dhidi yetu: Misri inaweza kusema makubaliano ya mto yameshikamana na eneo kama mpaka ulivyo. Jibu letu, na ninaliamini, ni kwamba Slovakia ilirithi mkataba uliofungwa na dola yake yenyewe, yenye wabunge wake. Tanganyika ilikuwa imeandikiwa na mtu aliyekuwa akiilinda kwa muda.

Kwa mtu wa kanda hii huo si ubishi wa wasomi. Mradi wa kupeleka maji ya Ziwa Victoria Shinyanga na Kahama ulizinduliwa mwaka 2009, na baadaye maji yakafika Nzega, Igunga na Tabora. Dodoma tunategemea visima vya Mzakwe, na mjini hapa kila anayechota ndoo kwa mgawo amesikia mazungumzo ya kuyavuta maji hayohayo kupitia Singida. Kama barua za 1929 zingekuwa hai, Misri ingeweza kudai kwamba bomba lile linahitaji ruhusa ya Cairo.

Baada ya kukataa kurithi, ilibidi kuwe na kitu cha kuridhia. Mei 2010, huko Entebbe, Tanzania, Uganda, Rwanda na Ethiopia zilisaini mkataba mpya wa bonde la Nile, unaozungumza juu ya matumizi ya haki kwa nchi zote za bonde. Tanzania iliuridhia mwaka 2015. Ulianza kufanya kazi tarehe 13 Oktoba 2024, baada ya Sudan Kusini kuwa nchi ya 6 kujiunga. Misri na Sudan hazimo.

Nilipomaliza, mzee aliuliza kama barua ya 1962 bado ipo mahali inaweza kusomwa. Nikamwambia ipo. Akataka nimletee nakala, kwa Kiswahili, amsomee mjukuu wake anayechota maji.