Kifaranga wa kambale na unga wa dagaa

Wiki iliyopita mfugaji mmoja wa Igombe alinipigia simu kabla hata jua halijachomoza. "Daktari, wanakula vizuri, matumbo yamejaa, ila wanakufa." Vifaranga wake wa kambale walikuwa na siku nne tangu kuanguliwa, naye alikuwa akiwapa unga wa dagaa uliosagwa laini kabisa.

Nilimweka mmoja chini ya hadubini. Umri huo mwili bado unapitisha mwanga, utumbo unaonekana wote. Ulijaa unga wa kahawia, na ule uliokaribia kutoka ulifanana na ule uliotoka kumezwa.

Kwenye maji ya nyuzi 28, kambale humaliza kiini cha yai kwa takriban siku 3. Mdomo uko wazi na njaa ipo, lakini tumbo lenye tindikali na pepsini, kimeng'enya kinachovunja protini, halijaanza kazi. Kazi yote iko kwa kongosho, ambalo kwa samaki wengi ni seli zilizotawanyika kuzunguka utumbo na ini, si kipande kimoja kama cha ng'ombe. Seli hizo hutoa tripsini, kimeng'enya kingine cha protini, ikiwa bado imefungwa, yaani haijaanza kufanya kazi, isije ikala kongosho lenyewe. Ukuta wa utumbo ndio unaoifungua. Tripsini huweza protini laini, zinazoyeyuka majini. Protini ya dagaa aliyeanikwa hadi akakauka ni ngumu, inataka ilainishwe kwanza na tindikali ya tumbo.

Ndiyo maana nasisitiza artemia, viumbe wadogo sana wa maji ya chumvi, au vijidudu hai vya bwawani. Wengi husema vijidudu hivyo humletea kifaranga vimeng'enya vyao. Mchango huo ni mdogo. Faida kubwa ni ulaini wa miili yao na maji yaliyomo.

Nguruwe mchanga naye huzaliwa na amilasi, kimeng'enya cha kuvunja wanga, kidogo kwenye kongosho, kwa kuwa maziwa hayana wanga wa nafaka. Ukimwahisha kwenye pumba za mahindi, anaharisha.

Kwa kambale kusubiri si kurefu. Siku kama 5 baada ya kuanza kula, tumbo huwa limeanza kufanya kazi, na hapo chakula kikavu huingizwa kidogo kidogo, huku artemia ikipunguzwa. Naomba sana msiikatishe ghafla.

Yule mfugaji aliwabadilishia chakula siku ileile. Jana kanitumia picha ya waliobaki: wamejikusanya pembeni mwa beseni, matumbo yana rangi ya chungwa ya artemia.