Mtungi Unang'aa, Lakini Je, Ni Safi kwa Oksijeni?

Kwenye meza ya fundi wa vifaa vya kuzamia, iwe Nungwi au Diani, hakukosi kopo la grisi ya silikoni. Ndiyo inayolainisha oringi (pete za mpira za kuzuia uvujaji) za regileta, kifaa anachopumulia mzamiaji kutoka kwenye mtungi, na kwa hewa ya kawaida haina neno. Shida huanza siku mteja anapotaka nitroksi, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni, na fundi akachovya kidole kwenye kopo lilelile. Haya ndiyo maneno yanayosikika mezani hapo, na majibu yake.

"Oksijeni inalipuka"

Oksijeni yenyewe haiwaki. Inaviwezesha vingine kuwaka. Hewa tunayovuta ina takriban asilimia 21 tu. Ukiipandisha sana, vitu ambavyo hukuvidhania vinageuka kuni: grisi, mafuta ya kompresa, uzi wa tambara, oringi, hata metali. Mwaka 1967 wanaanga watatu wa Marekani walikufa kwa moto uliozuka ndani ya chombo cha Apollo 1 kikiwa bado ardhini, kwenye majaribio tu. Chumba chao kilikuwa kimejazwa oksijeni tupu.

"Bila cheche hakuna moto"

Hii ndiyo inayowaponza hata wazoefu. Anayejua injini ya dizeli anajua haina plagi: hewa inabanwa ghafla, inapata joto kali, mafuta yanajiwakia. Sasa fungua kwa pupa vali ya mtungi wa oksijeni wenye presha ya bar 200. Gesi inakimbia kwenye mpira wa kujazia, inagonga mwisho wa njia na kujibana, na joto la hapo linatosha kuwasha tone la grisi. Shika pampu ya baiskeli ukishajaza tairi, utapata picha, ingawa ile ni mchezo wa watoto. Chembe ya kutu nayo ikirushwa na gesi ikagonga ukuta wa vali huweza kuanzisha moto. Kwa hiyo anayejaza oksijeni hufungua vali taratibu, kama anayefungua mlango wa chumba alicholala mtoto mchanga.

"Sisi tunajaza asilimia 32 tu"

Ni kweli vituo vingi huchukulia mchanganyiko usiozidi asilimia 40 kama hewa ya kawaida. Lakini muulize anayejaza: mnachanganyia wapi? Ikiwa oksijeni tupu huingizwa kwanza kwenye mtungi kisha hewa ikafuata, basi mtungi na vali yake vimeonja asilimia 100 hata kama kipimo cha mwisho kinasoma 32. Hapo hakuna mjadala, vyote lazima visafishwe.

"Nimeosha kwa petroli, imetakata"

Petroli na mafuta ya taa huacha utando wa mafuta, yaani umeongeza kuni. Kazi yenyewe ni ya subira. Kila kipande hufunguliwa. Kutu ya kijani hutolewa kwa siki. Kisha maji ya moto na sabuni ya kukata mafuta isiyoacha mabaki, na kusuuza, na kusuuza tena. Kukausha ni kwa hewa iliyochujwa, si ya kompresa ya gereji. Halafu mwagia maji safi uangalie: yakitandaa sawasawa, vizuri, yakijikusanya matone kama kwenye jani la mgomba, mafuta bado yapo. Tochi ya mionzi ya urujuanimno husaidia, ila yapo mafuta yasiyong'aa chini yake, kwa hiyo usiiamini peke yake.

Wakati wa kufunga tena, oringi ziwe za mpira wa aina ya Viton au EPDM, grisi iwe ya oksijeni kama Christo-Lube au Krytox, nayo kidogo mno. Oringi ya Viton iliyopakwa silikoni ni pesa iliyotupwa.

"Kibandiko kipo"

Kibandiko kinasema mtungi ulisafishwa lini. Hakijui kilichoingia jana. Kiwango cha Marekani cha hewa ya kuzamia, Grade E, kinaruhusu hadi miligramu 5 za mafuta kwa mita ya ujazo. Hewa ya kuchanganya na oksijeni inatakiwa isizidi 0.1. Ukijazwa mara moja tu kwenye kompresa yenye chujio lililochoka, usafi umekwisha. Kwa hiyo muulize mwenye mtungi mara ya mwisho alijaza wapi. Akijibu "palepale, kwa jamaa mmoja", ondoa vali uanze kusafisha upya.