Barakoa ya LED kwa ngozi nyeusi: maswali kabla ya kutoa pesa

Umeziona. Mtu amekaa kwenye kochi, uso mzima umefunikwa kama fundi wa kuchomelea vyuma, na kwa ndani inawaka taa nyekundu au ya bluu. Tangazo linasema chunusi zitakwisha, makunyanzi yatapungua na ngozi itang'aa. Nimeulizwa mengi juu ya barakoa hizi na majirani, ndugu, na wazazi wenye watoto wa sekondari, nikaona niyajibu kwa pamoja. Nitaanzia kwenye ngozi nyeusi na ya maji ya kunde, kwa kuwa maelekezo mengi ya kwenye maboksi hayaigusi kabisa, na hapo ndipo watu wetu wanapoumia.

Hivi huo mwanga unafanya kazi gani hasa?

Kutibu ngozi kwa mwanga hakukuanza jana. Daktari Niels Finsen wa Denmark alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1903 kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa taa. Mwaka 1967, huko Budapest, Endre Mester aliwamulika panya walionyolewa kwa leza hafifu, akaona manyoya yao yanarudi upesi kuliko ya wenzao. Barakoa za leo hazitumii leza. Zinatumia LED, balbu ndogo ndogo za jamii ile ile ya balbu za tochi, ila hizi zimechaguliwa kwa rangi maalumu.

Rangi ndiyo dawa yenyewe, na hupimwa kwa nanomita, yaani kipimo cha urefu wa mawimbi ya mwanga. Mwanga wa bluu wa karibu nanomita 415 huwashambulia bakteria wa chunusi. Bakteria hao hutengeneza kemikali iitwayo pofirini. Bluu ikiigusa, pofirini hutoa oksijeni kali inayowaua bakteria wenyewe. Lakini bluu haiendi mbali, inaishia juu juu. Mwanga mwekundu wa nanomita 630 hadi 660 huzama zaidi, na infraredi ya karibu 830, ambayo jicho halioni, huzama zaidi ya hapo. Hizi mbili haziwindi bakteria. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba zinapokelewa na mitokondria, mitambo ya nishati iliyo ndani ya seli, kisha uvimbe unatulia na seli zinazotengeneza kolajeni, protini inayoishika ngozi iwe imara, zinachangamka.

Si sawa na kujianika juani?

Hapana. Barakoa iliyotengenezwa vizuri haitoi mionzi ya urujuanimno, ile ya jua inayounguza na kuleta saratani ya ngozi. Kwa sababu hiyo hiyo haikupi vitamini D wala haikukingi na jua. Losheni ya kuzuia jua unaendelea nayo kama kawaida.

Chunusi zangu zilishapona, yamebaki madoa meusi. Nichukue ya bluu?

Hapana, dada yangu. Swali hili ndilo lililonifanya niandike.

Katika ngozi yetu, chunusi ikipona huacha doa kwa sababu seli zinazotengeneza rangi hushtuka haraka. Kipele kinaweza kukaa wiki moja, doa lake likakaa mwaka. Na seli hizo hazishtuliwi na vipele peke yake. Mwaka 2014 watafiti nchini Ufaransa walichapisha jaribio ambamo walimulika ngozi za watu wenye rangi ya wastani kwa mwanga wa nanomita 415, na sehemu nyingine kwa mwanga mwekundu wa 630. Palipopigwa bluu pakawa peusi, na weusi huo ukadumu hadi miezi 3. Palipopigwa nyekundu hapakuwa hivyo. Ni kweli kwamba kipimo chao kilikuwa kikubwa kuliko kile ambacho barakoa ya nyumbani hukitoa kwa siku moja. Lakini barakoa hutumiwa siku baada ya siku, na anayeitumia ana madoa tayari.

Binti wa jirani yangu alinionyesha mashavu yake. Alikuwa akivaa barakoa ya bluu kila usiku kwa nusu saa, ingawa karatasi iliyokuja nayo ilisema dakika 10. Vipele vilipungua kweli. Ila juu ya mifupa ya mashavu, pale plastiki ilipokaribiana na ngozi, palikuwa na kivuli cha kahawia, na kwenye paji la uso, ambako barakoa yake ilikaa mbali kwa upana wa kidole, rangi ilikuwa ile ile aliyozaliwa nayo. Nilipoishika barakoa na kuiweka karibu na uso wake, kivuli kilifuata umbo lake. Aliyemuuzia hakumwambia lolote kuhusu madoa.

Kwa hiyo mwenye madoa, au mwenye yale mabaka ya kahawia yanayotokea mashavuni wakati wa ujauzito au kwa kutumia vidonge vya uzazi wa mpango, aiache bluu kabisa. Nyekundu haifuti doa, bali inaweza kusaidia kwa kutuliza vipele kabla havijaacha alama mpya. Mwenye mabaka ya mashavuni aangalie pia joto, kwa sababu joto lenyewe huyachochea. Barakoa inayoacha uso umechemka haimfai. Kitakachomsaidia zaidi ni losheni ya kuzuia jua yenye rangi ya ngozi ndani yake, iliyowekwa oksaidi ya chuma, kwa sababu hiyo huzuia hata mwanga wa kawaida unaoonekana. Losheni nyeupe za kawaida haziuzuii vya kutosha.

Zinafanya kazi kweli, au ni biashara tu?

Zinafanya kazi kiasi. Jaribio la mwaka 2000 lililofanywa Uingereza kwa watu 107 lilichanganya bluu ya 415 na nyekundu ya 660 kila siku kwa wiki 12, na chunusi zilizovimba zilipungua kwa wastani wa asilimia 76. Ni matokeo mazuri. Lakini mwaka 2016 jopo la Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, lilipoyapitia majaribio 71 ya tiba za mwanga kwa chunusi, lilikuta mengi ni madogo au hayakufanywa kwa umakini wa kutosha, likashindwa kusema kwa uhakika kwamba mwanga unazishinda dawa za kupaka. Na nyingi ya taa zilizojaribiwa zilikuwa za kliniki, zenye nguvu kuliko hizi za nyumbani.

Msimamo wangu ni huu: barakoa ni nyongeza. Mtu mwenye chunusi ambaye hajawahi kutumia dawa za kupaka kama benzoili peroksaidi au adapalini kwa miezi 3 mfululizo, aanzie huko. Tyubu ya duka la dawa ni rahisi mara nyingi kuliko barakoa, na ushahidi wake ni mzito zaidi. Chunusi kubwa za ndani zinazouma na kuacha makovu, vichwa vyeusi na vichwa vyeupe, hivyo barakoa haiviwezi vizuri. Anayetaka kupunguza mikunjo midogo na tayari anapaka losheni ya jua kila asubuhi, huyo nyekundu na infraredi zinaweza kumfaa.

Barakoa za rangi saba je? Si zina kila kitu?

Nyingi kati ya hizo zina balbu yenye vichipu vitatu, chekundu, kijani na bluu, kisha rangi nyingine zinatengenezwa kwa kuchanganya. Njano unayoiona ni nyekundu na kijani vikiwaka pamoja, na zambarau ni nyekundu na bluu. Bluu yake mara nyingi iko karibu na 460, wala si ile 415 inayowapata vizuri bakteria, na infraredi haimo. Unalipia rangi saba na kupata moja inayokufaa, ikiwa na nguvu kidogo. Mimi ningechukua yenye nyekundu na infraredi tu.

Infraredi haionekani kwa macho, kwa hiyo muuzaji anaweza kukuambia ipo na usiwe na namna ya kujua. Jaribu hivi: washa barakoa, fungua kamera ya mbele ya simu, ielekeze kwenye balbu zinazoonekana zimezima. Kwa simu nyingi zitatokea kwenye kioo zikiwa na mwanga hafifu wa zambarau au weupe.

Nisome namba gani kwenye boksi?

Ya kwanza ni nanomita. Barakoa isiyotaja nanomita, irudishe kwenye rafu. Ya pili ni nguvu ya mwanga, inayoandikwa miliwati kwa sentimita moja ya mraba. Barakoa yenye miliwati 30, ukiivaa dakika 10, inakupa nishati ya juli 18 kwa kila sentimita ya mraba. Yenye miliwati 2 itabidi uivae saa mbili na nusu ili upate kiasi hicho hicho, na hakuna atakayefanya hivyo. Idadi ya balbu wanayoitangaza kwa herufi kubwa haikuelezi nguvu hiyo.

Kupita kiasi nako kunaharibu. Mwanga huu una kipimo chake, na ukikizidisha faida hupungua. Majaribio ya mwanga mwekundu yaliyofanywa Marekani yalionyesha pia kwamba ngozi nyeusi inafikia kikomo mapema kuliko nyeupe, ingawa ilikuwa kwenye vipimo vikubwa sana kuliko vya nyumbani. Hiyo ni sababu ya kuheshimu dakika zilizoandikwa.

Bei ya zile zinazojulikana, zenye vipimo vilivyoandikwa wazi, ni karibu dola 400 za Marekani. Ni kama milioni moja ya Tanzania au zaidi ya elfu hamsini ya Kenya, bado usafirishaji na ushuru.

Na macho?

Hapa sitaki mtu achukulie kirahisi. Julai 2019 kampuni ya Neutrogena iliziondoa sokoni barakoa zake za chunusi, baada ya kuonekana kwamba watu wenye magonjwa fulani ya retina, ile sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, au wanaotumia dawa zinazoyafanya macho yaathirike na mwanga, wangeweza kudhurika. Kampuni ilisema ni watu wachache. Mmoja wa waliotajwa kwenye hadhari hiyo ni mwenye ualbino wa macho, na kwetu Tanzania ndugu zetu wenye ualbino ni wengi kuliko sehemu nyingi za dunia. Mwenye ualbino asivae barakoa hii bila kuongea na daktari wa macho. Pesa hiyo ni bora iende kwenye kofia pana na losheni ya jua. Kuna losheni inayotengenezwa Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, kwa ajili ya watu wenye ualbino hasa.

Wengine wanaopaswa kuuliza kwanza ni mwenye lupasi (ugonjwa ambao kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe), mwenye kifafa, na anayetumia dawa zinazoongeza usikivu kwa mwanga: doksisaiklini, ambayo wengi hupewa kwa ajili ya chunusi zenyewe, isotretinoini, baadhi ya dawa za presha za kukojosha, na haidroksiklorokwini. Chagua barakoa yenye kingo laini zinazoziba mwanga kuzunguka macho, na ufumbe macho. Ukiivua na kuona madoa ya mwanga yasiyoondoka upesi, usiirudie.

Mwanangu wa kike ana miaka 15, analia kwa chunusi. Nimnunulie?

Mama, mpeleke kwanza kwa mtaalamu wa ngozi, au hata kwa mfamasia mzuri, aanze na dawa ya kupaka. Muulize pia kwa upole anapaka nini. Nimekutana na mabinti ambao chunusi zao zilitokana na krimu ya kung'arisha, ile mikorogo yenye steroidi. Steroidi huifanya ngozi iwe nyembamba na huleta vipele vyake yenyewe, na hakuna taa itakayotibu hilo wakati krimu inaendelea kupakwa. Kuiacha ghafla nako kunaweza kuulipua uso, kwa hiyo aiache akiwa na daktari. Na umwambie usiku huo huo kwamba uso wake hauna kosa lolote, kwa sababu miaka 15 ni umri wa kuyaamini ya kwenye kioo.

Boksi limeandikwa FDA. Inatosha?

Inategemea neno linalofuata. Mamlaka ya Marekani, FDA, ina orodha ya kampuni zilizojiandikisha, na kujiandikisha hakumaanishi kwamba kifaa kimekaguliwa. FDA haitoi vyeti vya kujiandikisha, kwa hiyo ukionyeshwa cheti chenye mhuri wa dhahabu, shuka ngazi uende zako. Kifaa kilichoruhusiwa kina namba inayoanza na herufi K ikifuatiwa na tarakimu 6, na unaweza kuitafuta mwenyewe kwenye tovuti yao. Huku nyumbani vifaa tiba viko chini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kwa Tanzania na Bodi ya Famasia na Sumu kwa Kenya. Muulize muuzaji kama kimesajiliwa huko, na umtazame usoni anapojibu.

Nimeshanunua. Naitumiaje?

Jaribu kwanza upande mmoja wa taya kwa wiki moja, ukifunika sehemu nyingine kwa kitambaa. Kama hapajawa peusi wala kuwasha, endelea uso mzima. Osha uso, ukauke, usipake kitu chenye retinoli, tindikali au manukato kabla. Vaa kwa dakika zilizoandikwa, mara 3 hadi 5 kwa wiki, kisha pakaa krimu yako. Ifute kwa kitambaa chenye unyevu kila ukimaliza, hasa kama mnaitumia wawili.

Piga picha siku ya kwanza, dirisha lile lile, saa ile ile ya asubuhi, bila kichujio. Rudia wiki ya 6 na ya 12. Kioo cha kila siku kinadanganya, kwa sababu unakiangalia ukiwa na matumaini. Ukiona kivuli cha kahawia kinaanza, acha siku hiyo hiyo. Na kama picha ya wiki ya 12 haina tofauti na ya kwanza, usiongeze dakika.