Inchi za TV si upana wa TV

Mteja anampigia seremala simu: “Fundi, nataka stendi ya inchi 55.” Fundi anaitikia, “Sawa bosi, tanguliza hela ya mbao.” Mteja anawaza meza ya kubebea TV yake ya inchi 55. Fundi anawaza meza yenye urefu wa inchi 55, yaani futi 4 na inchi 7. Dukani nako kuna stendi zimebandikwa “55”, na ukimuuliza muuzaji hiyo 55 ni ya meza au ya TV, anakujibu “ndiyo”.

Tuelewane basi. Inchi za TV hupimwa kona kwa kona: toka kona ya chini ya upande mmoja wa kioo hadi kona ya juu ya upande wa pili, na fremu haihesabiwi. Vitabu vya hesabu huuita mstari huo ulalo. Maana yenyewe inaishia hapo. Namba hiyo haikwambii TV ina upana gani, haikwambii kimo chake, na kuhusu miguu yake haisemi lolote.

Sasa kwa nini wapime mshazari wakati sisi meza tunanunua kwa urefu? Lawama ziende kwenye mrija. TV za mwanzo zilikuwa na mrija wa kioo wenye uso wa duara, na duara lina kipimo kimoja tu cha kutaja: kipenyo. TV ya RCA 630-TS iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1946 iliitwa ya inchi 10 kwa sababu mrija wake ulikuwa na kipenyo cha kama inchi 10. Ukichora mstatili ndani ya duara mpaka kona zake nne ziguse ukingo, ulalo wa mstatili huo unalingana na kipenyo cha duara. Kwa hiyo mirija ya uso wa mstatili ilipokuja, wenye viwanda waliihamishia namba ileile kwenye ulalo na maisha yakaendelea. Wala haikuwauma kibiashara, maana ulalo ndio mstari mrefu kuliko yote unaoweza kuchorwa kwenye skrini.

Wengine walizidisha chumvi, wakahesabu mpaka kioo kilichojificha nyuma ya fremu. TV za chogo za inchi 21 tulizozizoea zilionyesha picha ya takribani sentimita 51 kona kwa kona, ambazo ni inchi 20. Mwaka 1966 Tume ya Biashara ya serikali ya Marekani iliweka kanuni kwamba saizi inayotangazwa iwe ya picha inayoonekana, na kama kipimo si cha upana, tangazo liseme hivyo. Maana yake, anayesikia “inchi 55” akadhani ni upana aliwahi kuwa na sheria upande wake. Kanuni hiyo ilifutwa mwaka 2018. Nadhani waliofuta hawajawahi kuagiza stendi kwa mafundi wa Keko, Dar es Salaam.

Kupata upana si kazi. TV za sasa karibu zote zina uwiano wa 16 kwa 9, kwa hiyo zidisha inchi zake kwa 2.2 upate upana kwa sentimita, na kwa 1.25 upate kimo. Ya inchi 32 ina upana wa kama sentimita 71, ya 43 kama 95, ya 55 kama 122, ya 65 kama 144. Ongeza sentimita moja au mbili za fremu. Hiyo ya 55 iangalie vizuri: sentimita 122 ni futi 4, upana uleule wa shiti la plaiwudi la futi 4 kwa 8. Fundi akikukatia meza ya inchi 55 kwa kutokuelewana, umebaki na karibu sentimita 9 kila upande, na utamshukuru. Balaa linawapata wanaonunua stendi ya dukani iliyoandikwa 55 wakifika nyumbani wanakuta meza ya futi 4 kavu, TV imeenea kingo kwa kingo, na sabufa haina pa kukaa.

Waliotoka kwenye chogo nao wana hesabu yao. Mtu ametoka inchi 21 kwenda 32, anadhani kila upande umekua kwa kiasi kilekile. Chogo lilikuwa la 4 kwa 3, picha yake ikiwa na upana wa kama sentimita 41 na kimo cha 31. Ya 32 ina 71 kwa 40. Upana umeongezeka sentimita 30, kimo sentimita 9 tu. Ndiyo maana ule uwazi wa katikati ya kabati la zamani la sebuleni, uliokatwa kwa ajili ya chogo, unaweza kubaki na nafasi juu huku TV mpya inagoma kuingia kwa ubavu.

Hata ukishajua upana, kinachoamua meza ni miguu. TV nyingi bapa husimama kwa miguu miwili iliyo karibu na ncha zake. Nyingine zina mguu mmoja wa katikati. TV mbili za inchi 55 zenye upana uleule, moja itakaa bila wasiwasi kwenye meza ya sentimita 90, nyingine mguu utaning'inia hewani. Pima toka ukingo wa nje wa mguu mmoja hadi ukingo wa nje wa mwingine. Pima pia miguu inavyotoka mbele na nyuma, ndipo uamue kina cha meza. Kimo nacho kisisahaulike. Ukiwa umekaa kwenye kochi macho yako yapo kama mita moja toka sakafuni, na katikati ya skrini panapendeza pakiwa hapo; kwa ya 55, meza ya sentimita 55 hadi 60 inatosha. TV ya kutazama shingo ikiwa imeinuliwa tuwaachie wenye baa.

“VESA 200 x 200” nayo usiichanganye na saizi ya TV. Ni umbali kati ya matundu ya skrubu yaliyo mgongoni mwake, kwa milimita, na unakuhusu ukinunua breketi ya ukutani au stendi ya nguzo.

Seremala mwenyewe hupima kona kwa kona kila siku. Akishaunga fremu ya kabati anapitisha tepu kwenye mishazari yote miwili. Ikilingana, kabati limekaa kwenye gonia, yaani kona zake zimenyooka sawasawa. Kwake hicho ni kipimo cha kukagulia, hakati nacho mbao. Mpe urefu wa meza kwa futi, kina na kimo, na umwonyeshe miguu ya TV inapokanyaga. Aliyesema “stendi ya inchi 55” hajaharibu kitu. Ametaja namba ya TV, bado hajataja ya meza.