Nionyeshe tumbo, si kingamwili

Wiki hii nimeulizwa tena kuhusu chanjo ya Helicobacter pylori, bakteria wa vidonda vya tumbo, na safari hii na mtu wa fani: "Kama panya wametoa kingamwili kibao, si chanjo imeshapatikana?" Hapana. Naandika mara moja, nikiulizwa tena nitatuma kiungo.

Maabara kwa kifupi: unachukua jeni ya UreB, kipande cha urease ya Helicobacter pylori (kimeng'enya chake cha kuvunja yurea kuwa amonia), unaipandikiza kwenye E. coli, bakteria wa kazi za maabara, unachochea kwa IPTG, kemikali ya kuwasha jeni hiyo. Protini inatoka kwa wingi, ila mara nyingi imejifunga madonge, haiyeyuki. Unaifungua kwa yurea ya molari 8, kisha unaikunja upya taratibu huku ukiomba isigande tena. (Ndiyo, urease ndani ya yurea. Haiivunji, kipande kimoja peke yake, bila nikeli, hakina makali.) Halafu unaipitisha safu ya nikeli ili kuitenga na protini nyingine, halafu unaondoa endotoksini, sumu ya ukuta wa E. coli. Ukiacha endotoksini ndani, panya wanaweza kuwa wanaijibu hiyo, wala si protini yako.

Sasa kinachonikera. Mtu aliyeambukizwa tayari ana kingamwili dhidi ya bakteria huyu, anakaa nazo miaka, na bakteria yupo tu chini ya ute, anatengeneza amonia ya kupoza asidi. Kingamwili zingetosha, angeshajiponya mwenyewe. Zaidi ya hapo, panya wasio na seli B, yaani wasioweza kabisa kutoa kingamwili, wamewahi kuchanjwa na bakteria wakapungua. Waliokosa seli T za CD4, seli za kinga zinazoongoza nyingine, ndio chanjo haikuwafaa. Sasa kile kipimo cha kingamwili unachonitambia kinapima nini?

Niliwahi kujidanganya hivyo hivyo. Sahani ya ELISA, kipimo cha kingamwili, ya panya tuliowachanja ilikuwa njano visima vyote, yaani kingamwili zimejaa, nikatembea nayo korido nzima kama kikombe cha ubingwa. Siku chache baadaye tukatumbukiza vipande vya matumbo ya panya hao hao kwenye mchanganyiko wa yurea na rangi. Kimoja kikageuka waridi, ishara kwamba urease ya bakteria imo. Cha pili. Cha tano. Bakteria walikuwepo, pengine wachache zaidi, lakini walikuwepo.

Kwa binadamu mambo yamegawanyika. China, chanjo ya UreB iliyounganishwa na LTB (kipande cha sumu ya E. coli cha kuamsha kinga), ikanyweshwa watoto wa miaka 6 hadi 15, ilikinga kwa asilimia 71.8 mwaka wa kwanza (matokeo yalichapishwa 2015), kisha kinga ikashuka. Ile ya sindano yenye VacA, CagA na NAP, protini tatu za bakteria huyu, iliamsha kingamwili na seli T pia, lakini watu wa kujitolea walipopewa bakteria, haikuwa bora kuliko dawa bandia.

Basi ni kipi kilichowakinga watoto wale? Mimi nashuku seli T zilizoweka makazi kwenye utando wa tumbo. Ila kuzihesabu kunataka kipande cha tumbo lenyewe, na sijampata mzazi wa kumruhusu mwanawe ameze mpira wa kamera kwa ajili ya shaka yangu.