Kurudia Kusoma Desa Hakutoshi

UE, yaani mitihani ya mwisho wa muhula chuoni, ikikaribia, wanaokuja kwangu na matokeo mabaya ya testi huanza na neno lilelile: "Mwalimu, mbona nilisoma mara nne?" Naamini kweli umesoma. Shida iko kwenye namna ulivyosoma.

Hakuna dhana inayowapeleka wengi kwenye sapu (mtihani wa marudio) kama hii, kwamba kurudia kusoma na kupaka desa (notisi za somo) rangi ya njano ndiko kujifunza. Ukisoma ukurasa mara ya tatu, macho yameshauzoea, kila sentensi inateleza, nawe unaridhika kwamba imeingia. Juzi nilimwomba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza afunike desa lake la fiziolojia, lililopakwa rangi karibu kila mstari, anieleze figo inavyochuja damu. Alifika kwenye glomerulasi, vile vichujio vidogo vya figo, akakwama. Alipofunua alisema, "Hii si naijua!" Aliitambua, ndiyo. Kuitoa kichwani ndiko kulikomshinda, na mtihani unataka hicho hicho.

Mwaka 2006 wanasaikolojia wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanachuo makala fupi. Kundi moja liliisoma katika vipindi vinne. Jingine liliisoma kipindi kimoja, kisha likaandika mara tatu lilichokumbuka bila kuitazama. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki walikumbuka asilimia 40, wenzao 61. Ndiyo maana anayekesha hudanganyika: usiku uleule anaona anajua.

Kwa hiyo nasema tena na tena: funga desa, chukua karatasi tupu, andika yote unayokumbuka kuhusu mada, kisha fungua ujisahihishe kwa wino mwingine. Rudia kesho, na tena baada ya siku kadhaa. Inachosha, na inakera kuona ukurasa mweupe, lakini ubongo unafanya kazi hapo unapohangaika. Mitihani ya miaka ya nyuma nayo ifanyeni kwanza, majibu mtayaangalia baadaye.

Wengine huniambia: "Mimi ni mtu wa kusikiliza, kusoma hakunifai." Jopo la watafiti lilipitia ushahidi mwaka 2008 na halikupata msingi wa kumfundisha kila mtu kwa mtindo wake wa kujifunza. Acheni kujifungia mlango.

Dhana nyingine: "Mhadhiri mzuri humwaga nondo saa mbili mfululizo." Hili nawaambia na wahadhiri wenzangu. Uchambuzi wa tafiti 225 za masomo ya sayansi, hisabati na uhandisi, uliotoka 2014, ulionyesha waliofeli katika mihadhara mitupu ni karibu asilimia 34. Wanafunzi waliposhirikishwa, 22. Hata ukumbi wa watu mia tatu unaweza kusimamishwa kwa swali moja, kila mtu akaandika jibu lake, kisha akambishia jirani yake kwa dakika mbili.

Na diskasheni? Mkiwa sita, mmoja anaeleza na watano wanaitikia kwa vichwa, anayejifunza zaidi ni yule mmoja. Pokezaneni ubao, na asiyejua ndiye aanze.