Mpelelezi wako Addis Ababa hapotezwi na injera

Muswada mwingine umefika: mpelelezi wa Dar es Salaam kapelekwa Addis Ababa, na kosa ni lile lile. Kurasa arobaini za injera (mkate mwembamba wa kwao), kahawa na uvumba, makelele ya soko la Merkato, kisha mauaji ambayo yangeweza kutokea Kariakoo bila kubadilisha nukta. Kumpeleka shujaa ugenini si kumbadilishia mandhari. Kama ugeni hauvurugi hesabu yake ya kesi, mrudishe nyumbani.

Kinachoniudhi zaidi ni imani kwamba mgeni hupotezwa na asichokijua. Asichokijua atauliza, atajibiwa, yamekwisha. Kinachompoteza ni kile kinachofanana na cha kwao hadi haoni haja ya kuuliza.

Chukua saa. Shahidi akisema alimwona marehemu saa mbili asubuhi, mpelelezi wa Kizungu anaweza kuandika saa nane usiku na msako wote ukaenda kombo. Mswahili hakosei hapo, maana Waethiopia wanahesabu saa kama sisi, kuanzia mapambazuko. Basi anajiona yuko kwao. Hapo ndipo umtege, kwa kalenda.

Mwaka wa Ethiopia una miezi 13: kumi na miwili ya siku 30, na Pagume wenye siku 5, au 6 kila mwaka wa nne. Mwaka mpya unaingia Septemba 11, au 12 pale ambapo Februari yetu inayofuata ina siku 29. Sasa mpe mpelelezi risiti ya gesti iliyoandikwa kwa mkono: 3/13/2016. Mwezi wa 13 haumo kichwani mwake, kwa hiyo anaisoma Kimarekani, Machi 13, 2016, na kuisukumia kando kama karatasi ya zamani isiyohusiana na kifo cha Septemba 2024. Kumbe ni tarehe 3 Pagume ya mwaka 2016 wa kwao, maana hesabu yao iko nyuma ya yetu, yaani Jumapili, Septemba 8, 2024. Marehemu alilala pale usiku ule ule ambao mtuhumiwa anaapa walikuwa pamoja Hawassa, mji mwingine kabisa.

Hakuna aliyemdanganya. Tena baada ya mwaka kuna herufi mbili za Kiamhari, ዓ.ም., kifupi cha maneno yenye maana ya mwaka wa rehema, ndizo zinazotaja hesabu iliyotumika. Ameziona. Alidhani ni saini ya mhudumu.

Waandishi huanguka kwa kutoa miaka 8 kwenye mwaka wetu kila mahali ili wapate wa Ethiopia. Kuanzia Januari hadi mwaka mpya wao unatoa 8. Kuanzia hapo hadi Desemba unatoa 7. Kabla ya sura ya kwanza chora jedwali la safu tatu: siku ya wiki, tarehe ya Ethiopia, tarehe yetu. Tiketi ya ndege ya kimataifa itakuwa na tarehe yetu na risiti ya gesti ya kwao, na zote zitakaa kwenye faili moja.

Msomaji naye atendewe haki. Aione Pagume mapema, labda kwenye kalenda ya ukutani hapo gesti, ukurasa wenye visanduku vitano tu. Umbali kati ya kalenda hiyo na risiti bado unanisumbua. Ukiviweka karibu, msomaji anafumbua kabla ya mpelelezi. Ukivitenganisha, anayesoma kwa simu, sura moja kwa siku, amekwisha kusahau. Kanuni ya kukionyesha kidokezo mara tatu hainiridhishi. Mara ya tatu kinanuka.

Majina, kwa kifupi: Dawit Bekele ni Dawit mwana wa Bekele, na anaitwa Ato Dawit, yaani Bwana Dawit. Ukimtafuta Bwana Bekele unamtafuta baba yake. Mke habadili jina akiolewa, na mtoto wa Dawit atakuwa Yonas Dawit. Kwa hiyo watu watatu kwenye kitabu cha wageni wenye majina ya mwisho tofauti wanaweza kuwa baba, mama na mtoto.

Mkalimani asigeuzwe mwalimu wa kueleza kila kitu. Kiamhari kina sanaa iitwayo sem na werk, nta na dhahabu: maana ya juu, na nyingine iliyofichwa chini yake. Sisi tuliolelewa na mafumbo tunaielewa haraka. Mwache mkalimani atafsiri nta peke yake, kwa uaminifu kabisa, na dhahabu impite mpelelezi masikioni.

Na kwa kuwa unaandika mfululizo, weka daftari la yale ambayo shujaa amekwisha kujifunza. Pagume ikishatumika, imetumika. Akitegwa nayo tena kitabu cha pili, msomaji atamdharau. Ila ujuzi wenyewe unaweza kuwa mtego. Kitabu cha tatu, akiwa anajivunia kuijua kalenda, mpe barua ambayo mwandishi wake alikwisha kugeuza tarehe kwa ajili ya wageni. Ataigeuza mara ya pili, na kesi nzima itasogea karibu miaka 8 mbele.